Gia Moja Inatosha, Lakini Ipi?

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba badala ya majina, na mtu anaweza kuzunguka nusu ya mji bila kukutana na kilima cha kumshusha chini. Mwalimu anaendesha, muuza samaki anaendesha, bibi mwenye kanga mbili anaendesha na hakuna anayegeuka kumtazama. Mafundi wa huku walijifunzia kazi kwenye baiskeli za gia moja: Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana kule India, na kabla ya hizo Raleigh ya Nottingham. Halafu zikaingia za mtumba, zenye fremu nyepesi, magurudumu ya inchi 26, na gia 18 au 21.

Za mtumba hufurahisha mwanzoni. Baada ya hapo chumvi ya bahari na mchanga wa vichochoro hufanya kazi yake. Waya za gia hushika kutu ndani ya mipira yake. Ule mkono wa nyuma wenye vigurudumu viwili hugongwa na kupinda, mara nyingi juu ya lori kabla hata baiskeli haijafika dukani. Cheni nyembamba huanza kuruka meno pale tu mtu anaposimama juu ya pedeli, yaani pale anapoihitaji zaidi. Fremu bado nzima, rimu bado zimenyooka, ila mwenyewe amechoka. Anaisukuma hadi kwa fundi na kusema, “Nitolee haya magia, niwekee moja.”

Kusema ni rahisi. Mtu akikaa akatazama kazi hiyo kuanzia nati ya kwanza hadi ya mwisho, anaona kwamba kutoa ndiyo sehemu ndogo.

Fundi ninayemzungumzia yuko chini ya mwarobaini, na karakana yake ni kigoda, jiliwa lililofungwa kwenye gogo, na makopo ya maziwa yaliyojaa nati, gololi na washa. Ni mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Kijana alipomletea baiskeli ya gia 21, akamwamkia na kuanza kueleza ubovu wake, mzee hakumsikiliza sana upande huo.

“Marahaba mwanangu. Hii inabeba nini?”

“Mikate. Sanduku moja nyuma, asubuhi na jioni.”

“Unapita wapi?”

“Natoka Mikanjuni, nazunguka Chumbageni, siku nyingine nafika Pongwe.”

“Unasimama mara ngapi?”

Kijana akacheka. “Kila mlango, mzee.”

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, kisha akainama kutazama mahali ekseli inapoingia kwenye fremu. Hapo alikaa muda. Baiskeli nyingi mpya zina mdomo unaofunguka kuelekea chini, ekseli ikiingia haina pa kusogea mbele wala nyuma. Za zamani zina mdomo uliolala, na ekseli inaweza kuvutwa nyuma hadi cheni ikaze. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi nzima. Penye mdomo wa kuelekea chini, fundi hulazimika kuuacha ule mkono wa gia palepale uwe wa kukazia cheni tu, au kucheza na idadi ya meno, kwa kuwa kila jino moja linaloongezwa huivuta ekseli mbele kwa kadiri ya milimita 3. Hii ya muuza mikate ilikuwa na mdomo wa kulala, wenye nafasi ya karibu sentimita tatu. Mzee akaguna guno la kuridhika.

Kuvua kulikwenda haraka. Vishikio vya gia kwenye usukani vilitoka, waya zikatoka, mikono yote miwili ya kubadilishia ikatoka, na kila kitu kikapata kopo lake. Hakuna kilichotupwa. Breki hakuzigusa. Wako vijana wanaotaka baiskeli iwe nyepesi kabisa na kuomba breki moja itolewe pamoja na gia. Huyu mzee hafanyi biashara hiyo.

Mbele kulikuwa na sproketi tatu, zenye meno 48, 38 na 28. Akabakiza ya kati. Sababu haikuwa meno kwanza, ilikuwa mahali ilipokaa: ile kubwa iko nje mno na ile ndogo imejificha ndani karibu na fremu, wakati ya kati ndiyo iliyo rahisi kulinganishwa na gurudumu la nyuma. Lakini kubwa na ya kati zilikuwa zimeshikwa na bolti zilezile tano. Ukiondoa moja, bolti zinakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, na sproketi iliyobaki inacheza. Wengine huweka washa. Yeye alichukua tupa laini, akabana kila kikombe cha bolti kwenye jiliwa na kukisugua, akikipima dhidi ya unene wa ile sproketi aliyoiondoa. Vikombe vitano, kimoja baada ya kingine, na baada ya kila kimoja alikijaribu mahali pake, akakizungusha kwa vidole, akakirudisha jiliwani kwa misuguo mitatu zaidi. Ukipita barabarani ungedhani mzee anapoteza muda. Alipokaza zote tano sproketi haikutikisika hata ilipogongwa kwa mpini wa nyundo.

Kisha ikaja friwili ya nyuma, ile yenye sproketi saba. Hapa ndipo mafundi wachanga huharibu vitu. Friwili imefungwa kwa nyuzi za skurubu kwenye habu, na kila hatua ya pedeli tangu baiskeli iundwe imekuwa ikiikaza. Miguu ya miaka kumi ya mtu asiyejulikana, huko ilikotoka, iko ndani ya zile nyuzi. Mzee alidondoshea mafuta ya taa, akaenda kunywa kahawa kwa jirani, akarudi. Akaingiza kile chuma chenye meno madogo ya kushikia friwili, akakishikilia pale kwa nati ya ekseli ili kisiteleze, akakibana jiliwani kikiangalia juu, na gurudumu zima likakaa kitako juu yake. Akalishika tairi kwa mikono miwili kama dereva wa lori na kulizungusha kinyume cha saa. Halikwenda. Akapumzika, akapumua, akalishika tena. Likatoa mlio mmoja mkavu, likasogea kidogo.

Papo hapo akaacha. Aliilegeza nati ya ekseli kwanza, ndipo akaendelea. Nati hiyo ikiachwa imekaza, friwili inayopanda inaisukuma, na kinachokatika ni ekseli. Ni jambo la sekunde tano, na fundi anayelisahau analipa ekseli ya mteja.

Habu ikabaki uchi, nyuzi zake ziking’aa kwa mafuta. Na hapa kuna bahati ambayo wenye baiskeli wengi hawaijui: nyuzi za habu za baiskeli nyingi za namna hii ni zilezile za friwili ya gia moja inayouzwa kwa ajili ya Phoenix na Hero, nyuzi 24 kwa inchi. Kipande kilichotengenezwa India kinaingia kwenye habu iliyotoka Japani bila ugomvi. Baiskeli zenye habu ya aina nyingine, ambayo sproketi huchomekwa badala ya kufungwa kwa nyuzi, zinataka mbinu tofauti. Huko mafundi hukata bomba la plastiki la maji kuwa pete na kuishikilia sproketi moja katikati ya pete hizo.

Sasa likaja swali lenyewe. Gia moja, sawa. Ipi?

Mzee alipanga friwili nne juu ya gunia: meno 16, 18, 20 na 22. Hesabu yenyewe haina siri. Gawa meno ya mbele kwa ya nyuma, upate gurudumu linazunguka mara ngapi pedeli ikizunguka mara moja. Tairi la inchi 26, ukilitia alama ya chaki na kulibingirisha mzunguko mmoja, linasafiri kama mita 2 na sentimita 6. Kwa 38 mbele na 16 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unakupeleka karibu mita 4.9. Kwa 18 ni 4.35. Kwa 20 ni 3.9. Kwa 22 ni 3.55 hivi. Mtu anayekanyaga taratibu, mizunguko 60 kwa dakika, atakwenda kilomita 17 na nusu kwa saa akiwa na meno 16, na kilomita 14 akiwa na 20.

Kumbe hata zile gia 21 hazikuwa hatua 21. Sproketi ndogo ya mbele, 28, ikikutana na meno 14 nyuma inatoa mbili kamili. Na ile kubwa, 48, ikikutana na 24 inatoa mbili kamili vilevile. Gia nyingi kati ya hizo zilikuwa zinarudia kazi moja kwa njia mbili, na mwenye baiskeli alikuwa akitumia tatu au nne tu siku nzima. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaoiona baiskeli ya gia moja kuwa ni ya umaskini. Mashindano ya Tour de France, yanayopanda Alpi na Pirenei, hayakuruhusu mashine ya kubadilisha gia hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mshindani alikuwa na sproketi kila upande wa gurudumu la nyuma. Akifika chini ya mlima anashuka, anachomoa gurudumu, analigeuza, anaendelea.

Kijana alinyooshea kidole ile ya 16. Anataka kwenda mbio.

“Mikate si mizito,” mzee akasema, “ila wewe unasimama kila mlango. Kila ukisimama unaanza upya. Magoti yako ndiyo yatakayolipa. Na upepo wa kusi ukianza, hiyo njia ya Pongwe utaijua.”

Nikamwuliza mimi kuhusu wale wa Muheza wanaobeba machungwa, na wengine hupandisha njia ya Amani, ambako mtu anafika karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Nilidhani atasema meno 22 au zaidi. Akasema mlima kama ule wenye mzigo mtu atausukuma kwa miguu, uwe umempa gia gani. Hamchagulii gia ya mahali atakaposhuka. Anamchagulia ya ile njia atakayokuwa amekaa juu ya kiti, saa nyingi kila siku.

Nimesoma maelezo mengi ya namna ya kuchagua gia, yenye majedwali na hesabu za sentimita, na sijaona yaliyolisema jambo hilo kwa ufupi namna hiyo. Kwa kijana wa mikate mzee akachukua ya 20. Akapaka grisi kwenye nyuzi, ili atakayekuja kuifungua miaka ijayo asipate tabu aliyoipata yeye, na kuikaza kwa mkono tu, pedeli zitamalizia.

Wengi wangerudisha gurudumu hapo, wakafunga cheni na kupokea pesa. Mzee alilirudisha, lakini alichofunga hakikuwa cheni. Alichukua fito la chuma lililonyooka, akalilaza ubavuni mwa sproketi ya mbele, lishike meno ya pande mbili, mkia wake ukafika nyuma kwenye friwili. Kati ya fito na meno ya friwili kulikuwa na mwanya. Akaweka rula ya shule: milimita 7. Friwili ilikuwa imeingia ndani kwa milimita 7, kwa sababu habu ile iliundwa kubeba sproketi saba, na yenye sproketi moja inakaa mwanzoni kabisa mwa nafasi hiyo. Cheni ingekwenda upande. Ingefanya kazi, ndiyo, ila ingelia, ingekula meno kwa ubavu, na siku moja barabarani ingeanguka.

Basi gurudumu likatoka tena. Akafungua ekseli: nati, washa, koni, gololi tisa kila upande, zote zikaoshwa kwa mafuta ya taa katika kisosi na kuhesabiwa. Upande wa kulia wa ekseli kulikuwa na washa nene nyingi za kuipa nafasi ile friwili pana. Akachagua zenye jumla ya milimita 7 na kuzihamishia kushoto. Ndiyo hivyo tu. Upana wa ekseli haukubadilika, lakini habu ikawa imesogea kulia kwa kiasi kilekile ilichokuwa imepungukiwa. Akazipanga gololi kwenye grisi mpya, moja moja kwa ncha ya bisibisi, akakaza koni hadi ekseli ikazunguka bila kukwaruza na bila kucheza.

Ila habu ikihama, rimu nayo inahama. Sasa rimu ilikuwa imeegemea upande mmoja wa fremu. Lazima spoku zote 36 zifanyiwe kazi: za kulia zilegezwe, za kushoto zikazwe, mpaka rimu irudi katikati. Alianza kwenye tundu la valvu, akazunguka na kispana kidogo, nusu mzunguko kwa kila kinati, bila kuruka hata kimoja. Akamaliza duru, akaanza nyingine, robo mzunguko. Alishika chaki karibu na rimu inayozunguka, na palipopakwa ndipo palipojitokeza. Duru ya nne ilikuwa ya spoku tatu tu.

Kupima katikati alitumia njia isiyohitaji chombo. Aliweka gurudumu kwenye fremu, akatazama mwanya kati ya rimu na fremu upande wa kushoto. Akalitoa, akaligeuza upande wa kulia uwe kushoto, akaliweka tena. Kama rimu iko katikati ya ekseli, mwanya unabaki uleule. Ulitofautiana kwa unene wa kucha. Akalitoa, robo mzunguko kwa spoku zote za kushoto, akalirudisha. Uleule.

Kisha akagonga spoku kwa msumari, za kulia na za kushoto, ili nisikie. Katika gurudumu la gia nyingi, spoku za kulia hulia juu na za kushoto hulia chini, kwa kuwa za kulia zimevutwa mno na kusimama wima, na ndizo hukatika chini ya mzigo. Sasa pande zote mbili zilikaribiana kwa mlio. Gurudumu hilo lilikuwa imara kuliko siku lilipotoka kiwandani, na kijana wa mikate hakuwa ameomba hilo.

Cheni mpya ilikuwa ile nene ya gia moja. Mzee aliizungusha mbele na nyuma, ekseli ikiwa mbele kidogo ya katikati ya mdomo wake, akaweka alama, akasukuma pini kwa panchi na nyundo ndogo. Kipande kimoja kamili cha cheni ni inchi moja, kinaisogeza ekseli nusu inchi, kwa hiyo hapa mtu anapata nafasi ya kukosea kidogo. Hakukosea. Kilipu ya kuungia aliiweka upande uliozibwa ukielekea cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuichomoa.

Kukaza kulichukua muda kuliko kufunga. Aliivuta ekseli nyuma, akazungusha pedeli polepole akiangalia cheni, kwa sababu hakuna sproketi iliyo mviringo kamili. Kuna mahali cheni inakaza na mahali inalegea. Alitafuta pale inapokaza zaidi na kupimia hapo: ukiinua cheni katikati kwa kidole icheze kama nusu inchi. Ikikazwa kama waya wa gitaa inaua gololi, ikilegea inaruka. Nati za ekseli alizikaza kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo, akichungulia gurudumu lisikae upande. Alipopiga pedeli na kuiachia, gurudumu lilizunguka muda mrefu, na sauti pekee ilikuwa ya friwili.

Kijana akataka kuijaribu hapohapo. Mzee akamzuia, akamwambia afunge sanduku lake kwanza. Akaenda hadi kona, akasimama, akaanza, akasimama, akaanza, akarudi akiwa amekaa muda wote bila kunyanyuka kwenye kiti.

“Nyepesi kidogo, mzee.”

“Rudi mwezi ujao uniambie. Ukitaka ya 18 nitakubadilishia, cheni inatosha.”

Na kweli ilitosha: nyuma ya ekseli palibaki zaidi ya sentimita moja ya kuvuta, kwa ajili ya meno yatakayopungua au cheni itakapochakaa. Cheni mpya, kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, ina inchi 12 kamili; ikifika inchi 12 na sehemu ya nane, imekwisha, inunuliwe nyingine kabla haijamaliza na sproketi.

Nawe ukiwa na baiskeli ya gia iliyokushinda, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Itazame midomo ya fremu pale nyuma, uone kama imelala. Kisha mpelekee fundi asubuhi, na uende na mzigo unaoubeba kila siku. Asipokuuliza unapita wapi, mwambie kabla hajashika spana.